Tazama Kifua, Usitazame Taa

Ukifika Bwera, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, ukamuulizia Ithungu, utaulizwa Ithungu yupi, maana kwa Wakonzo jina hilo halikosi nyumba. Sema Ithungu wa sombe. Hapo mmoja atasema, "Ah, bibi ya ule mutu ya betri," halafu watu watatazamana. Mimi sitazamani na mtu. Nimepanga chumba ukuta kwa ukuta naye tangu Pretty wangu hajaota meno, na nimechoka kusikia maisha yake yakisimuliwa na watu ambao hawajawahi hata kumshikia mchi.

Alizaliwa Bwesumbu, mlimani, kwenye migomba na kahawa. Akashuka Bwera akiwa msichana, kinu kichwani, akaanza kutwanga sombe sokoni. Majani ya muhogo yanataka mkono mzito na subira. Mkono alikuwa nao, na subira yote aliimalizia kwenye kinu, wateja hawakubakiziwa hata kidogo. Mteja akibonyezabonyeza sombe yake na kuguna, alimwambia, "Hii haiko shavu ya mutoto. Nunua ama uende." Walinunua. Kutoka hapa hadi Kinyamaseke hakukuwa na aliyetwanga laini kama yeye.

Mumewe, Bwambale, alikuwa mpakiaji wa malori mpakani, mtu wa kelele. Jioni tulimsikia kabla hajafika langoni: anaimba, anatania, anamwita mkewe kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Waligombana mlango wazi, na sisi wapangaji tukakaa barazani kama watu waliokwenda mpirani. Yeye alishinda kwa sauti, Ithungu alishinda kwa maneno, na baadaye ungewasikia wanacheka.

Siku moja ya mvua Bwambale alipanda juu ya shehena ya mbao zilizotoka Kongo ili akaze kamba. Akateleza, akaangukia shingo. Wenzake walifanya tunavyofanya sote hapa: walimpakia kwenye boda boda, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati kama gunia, kichwa kikiyumba kwenye kila shimo. Walikuwa wanamuwahisha. Kwetu sisi, kumpenda mtu ni kumuwahisha. Alipofika hospitali mikono na miguu haikuwa yake tena, na pumzi ilikuwa inazidi kuwa fupi. Wakampeleka Kampala wakimpulizia hewa kwa mpira wa kubana njia nzima, kwa zamu, mpaka mikono ikafa ganzi.

Huko akalazwa kwenye mashine kubwa, bomba limepita kooni. Mtu wa kelele yule hakuwa na sauti hata ya kuomba maji. Ithungu alilala sakafuni kando ya kitanda miezi mingi, na kwa kuwa mumewe alibaki na macho na midomo tu, akajifunza kuisoma. Mwanzoni alikosea, akamletea blanketi badala ya maji, na Bwambale akamtukana bila sauti. Tusi hilo, alisema Ithungu, ndilo neno la kwanza alilolisoma vizuri. Tangu hapo hakukosea tena.

Mambo ya sanduku la betri alilokuja kuvaa Bwambale alinieleza yeye mwenyewe, ameshika waya wa redio yangu ili nielewe. Chini ya mapafu pana msuli mpana. Ukishuka, hewa inaingia, ukipanda, hewa inatoka. Amri ya kushuka hutoka kichwani ikapita shingoni. Kwa Bwambale njia ilikuwa imekatika pale pale shingoni, lakini mshipa wa fahamu unaofika kwenye msuli ulikuwa mzima, umekaa tu kama mfanyakazi asiyetumwa. Madaktari wageni waliokuja kufundisha waliugusa kwa umeme kidogo, tumbo likainuka, hewa ikaingia. Basi wakampasua, wakamwekea vipokezi viwili chini ya ngozi ya kifua, upande huu na upande huu. Nje akavaa sanduku dogo la betri, ukubwa wa redio ya mkononi. Lilikuwa na nyaya mbili, na kila waya uliishia kwenye pete iliyobandikwa kwa plasta juu ya ngozi, sawasawa na pale kipokezi kilipo. Sanduku likituma umeme, mtu anavuta pumzi. Likinyamaza, pumzi inatoka. Likituma tena, anavuta tena. Usiku na mchana, awe na hasira au awe na usingizi, kwa mwendo ule ule.

Muuguzi mmoja wa Kampala ndiye aliyemfundisha. Alimwambia, "Mama, sanduku halijui kama hewa imeingia. Linatuma tu. Pete ikitoka mahali pake, taa ya kijani itaendelea kuwaka vizuri, na mumeo atakuwa anakufa mbele yako. Tazama kifua, usitazame taa." Akampa pia mpira mweusi wa kubana kwa mkono, wa kumpulizia hewa kama lolote likitokea. Ithungu aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda, akanifundisha kuutumia, kwa ukali wake wote. "Mama Pretty, hapana kubana kama unakamua nguo. Ngoja kifua ipande." Niliubana siku kadhaa alipokuwa anabadilisha plasta, na sijawahi kuogopa hivyo.

Bwambale akarudi Bwera na sauti yake, kiasi. Ilikuwa sauti ya vipande. Aliweza kusema pumzi inapotoka tu, na sanduku halikungoja mtu amalize sentensi. Angesema, "Mama Pretty, leo sokoni," kisha akavutwa, kisha "kulikuwa na nini?" Akicheka, kicheko kilikatwa katikati. Akilia, na alilia, machozi yalitoka lakini kwikwi haikuja, maana kwikwi inataka kifua chako mwenyewe. Wageni walimalizia maneno yake, kwa huruma zao za haraka. Ithungu hakumkatiza kamwe. Mwanamke yule asiyekuwa na subira na mteja alikaa amemtazama mumewe mdomoni, akimngoja avutwe, amalize tusi lake, ndipo naye amjibu. Ugomvi wao ukawa mrefu kuliko zamani. Nilifurahi kuusikia.

Ndivyo walivyoishi. Alitwanga sombe uani badala ya sokoni, mlango wa chumba wazi, macho yakienda kwenye kifua cha mumewe kila mchi unapopanda. Betri zilichajiwa kwa sola ya jirani. Kila asubuhi aliosha ngozi ya kifua kwa sabuni, akaikausha, akabandika plasta mpya. Pumzi ya mtu ilikuwa imeshikwa na plasta, nasi wapangaji wote tulilijua hilo. Wapita njia walizoea kuingia kushika sanduku, kuligonga, kuuliza linaingiza stesheni gani, mpaka Ithungu akawa na wimbo mmoja kwa kila anayevuka mlango: "Musiguse sanduku." Watu wakalishika neno hilo. Hakuna aliyeligusa.

Kisha akaja Yunia, mama yake Bwambale, kutoka Bwesumbu, na mzigo wa matoke na huzuni yake. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mama aliyekuta mtoto wake anavutwa pumzi kwa betri, akakaa kitini akilihesabia sanduku kosa kwa kila mlio wake. Hakuweza kula akilisikia. "Mutu inapumuliwa na Mungu," aliniambia uani. "Hii inampumulia ni nani? Wazungu? Wakizima huko kwao?" Nikamwambia hawazimi kitu, betri ziko hapa mkononi mwa mkwe wako. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mwanawe alikuwa mkononi mwa mkwe.

Ndiye aliyewaita watu wa maombi. Kiongozi wao aliitwa Hardy, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, mtu mwenye suti na sauti nzuri, na mkewe Chérie alikuwa anawapiga video kila wanapokwenda, ili watu wa mbali wabarikiwe. Waliomba kwa Kiswahili kwa kuwa kundi lao lilikuwa la mchanganyiko, Wakonzo, Wakongo, wake wa askari. Sina ugomvi na maombi. Mimi mwenyewe huomba. Na Bwambale aliwataka, lazima niseme. Alisema, "Waje tu," akavutwa, "nimechoka kuona," akavutwa, "sura ya huyu." Ithungu akampiga kwa mto wa kulalia, kwa utani.

Wamesema wahenga, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja mchana wa Jumamosi, chumba kikajaa hadi dirishani. Mimi nilikuwa sokoni na mitumba yangu. Ithungu alisimama kichwani pa kitanda, akaimba wimbo wake: "Musiguse sanduku." Hardy akaweka mkono kifuani kwa heshima. "Mama, hatuwezi kugusa ile kitu. Sisi tunagusa mutu tu." Watu wakaitikia.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulielewa. Kwetu mke hasimami chumbani wageni wa mama mkwe wakiwa wameketi bila chai. Hapo jikoni ndipo heshima yake ilipo. Akikaa, hajakaa yeye, wamekaa wazazi wake, na watasemwa mpaka huko mlimani kwamba hawakumfunza. Yunia alimtazama mbele ya watu wote, akasema polepole, "Mukamwana, wageni beko na kiu. Utasimama hapa kama askari ya geti?" Ithungu akasema, "Mama, mimi naangalia kifua." Yunia akajibu, "Mimi nilimuzaa. Sijui kuangalia?"

Akaenda. Mwanamke aliyefukuza wateja kwa neno moja alimwinamia mama mkwe wake, akavuka ua, akawasha mkaa. Jiko liko hapo hapo, ungeweza kutupa kijiti kikafika kitandani. Alisikia ngoma na nyimbo, na kati yake amina. Hakusikia sauti ya Bwambale, lakini katika kelele zile nani angeisikia sauti ya vipande?

Ndani, Hardy alitoa chupa ya mafuta. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa pumzi, akaona mafuta yapakwe kifuani. Wakafungua shati. Wakapaka, mmoja baada ya mwingine, mkono juu ya mkono, na kwa upendo hawakubania mafuta. Sanduku hawakuligusa. Walilizunguka kwa adabu, likaendelea kuwaka taa yake ya kijani ubavuni, na kila aliyekuwa na wasiwasi alilitazama, akaliona linafanya kazi, akafumba macho aombe. Penye wengi pana Mungu. Penye wengi pana pia kila mtu anayedhani mwenzake ndiye anayetazama.

Plasta haishiki kwenye mafuta. Mtoto wa shule anajua hilo. Pete moja iliteleza ikaingia kwapani, ya pili ikaifuata, ikashukia ubavuni. Sanduku likawa linatuma umeme kwenye shuka. Bwambale hakuwa na mikono ya kumshika mtu, wala miguu ya kupiga teke, wala hewa ya kutengeneza sauti. Alikuwa na midomo. Akaisogeza, na wao wakaona mgonjwa anaomba pamoja nao, wakafurahi, wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Ithungu alirudi na sinia la chai. Alichokiangalia kwanza ni kifua, kama alivyofunzwa. Sinia likaanguka, chai ikawaunguza walio karibu, na mpaka leo kuna mama mmoja anayemlaumu kwa kovu la mguu. Aliwaparamia, akatwaa mpira msumarini, akaubana, huku mkono mwingine unajaribu kufuta mafuta kwa kitenge chake. Pete hazikushika. Mimi niliitwa sokoni, nikakimbia, nikaupokea mpira, nikabana polepole, nikangoja kifua kipande. Kilipanda. Kilishuka. Hakukuwa na mtu ndani yake tena. Nao watu wa maombi, pale ukutani, walikuwa wanaimba wimbo wa ufufuo. Nilitamani kuwarushia ule mpira, na ninasema hivyo bila haya.

Kesho yake, kwenye matanga, Chérie alikuja kumfariji. Ni mwanamke mpole, hata sijui nimfanyeje katika hasira yangu. Akamwonyesha Ithungu simu. "Angalia, mama. Alikwenda vizuri. Alikuwa anasema na Yesu mpaka mwisho." Kwenye kioo Bwambale alikuwa amelala, kifua kinang'aa kwa mafuta, mikono ya watu imemzunguka, midomo inakwenda. Ithungu alitazama. Akairudisha nyuma, akatazama tena. Nilikuwa nimemshika bega nikalihisi linakuwa gumu kama mti. Hakulia. Aliuliza tu, "Mutaionyesha kwa maziko?"

"Ndiyo, mama. Ni ushuhuda."

"Vizuri," akasema.

Tulimzika Bwesumbu, chini kidogo ya nyumba ya baba yake, kwenye mteremko ambapo wabeba jeneza walilazimika kutembea kwa ubavu. Hardy alihubiri. Alisema ndugu yetu alikuwa mtumwa wa mashine, na kwamba Bwana alimfungua siku ile ile watu wake walipomzunguka. Watu walisema amina, hata waliokuwa wanamjua. Kisha akaunganisha simu ya Chérie na spika kubwa, ili wote wasikie jinsi mtu wa Mungu anavyoondoka. Vijana wakasogea kuona kioo, na wazee wakakaa kusikiliza. Yunia alikuwa kwenye mkeka wa mbele, ameshikwa na wanawake wawili, na niliona ameinua uso. Ushuhuda ule ndio uliokuwa umebaki kumshikilia.

Ithungu akasimama. Mjane hasimami wakati huo, anakaa chini na kufunikwa, lakini alikwisha kutii mara moja wiki ile. Alimwomba Hardy kipaza sauti, naye akampa kwa furaha, akidhani amepata shahidi. Ithungu akachukua simu mkono mmoja, kipaza sauti mkono mwingine, akaianzisha video mahali alipopataka.

"Bwambale alikuwa hana sauti Kampala," alisema. "Mimi nilikuwa namusoma mudomo. Sasa namusomea nyinyi."

Ngoma zikasikika kwenye spika, na nyimbo, na Ithungu macho kwenye kioo.

"Pete," akasema.

Amina, spika ikaitikia. Zilikuwa sauti zao wenyewe, za Jumamosi.

"Pete imetoka."

Amina.

"Mafuta. Pangusa mafuta."

Amina, amina.

Waliokuwa wanatikisa vichwa waliacha. Ithungu hakumwangalia mtu yeyote. Alikuwa anangoja, kama alivyozoea kumngoja, mpaka midomo ile ifike kwenye neno linalofuata.

"Mama," akasema. "Mama, fungua macho."

Na sauti moja ikapanda juu ya nyingine zote kwenye spika, sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa na simu, ikitetemeka kwa imani: Amina, mwanangu. Amina.

Yunia alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Wanawake wakamwangukia. Hardy akamnyang'anya Ithungu kipaza sauti, akaanzisha wimbo, na watu wakaudaka upesi, kwa sababu wimbo ni rahisi kuliko kukaa kimya. Waliimba kwa nguvu, mlima mzima, ngoma ikaingia. Mimi sikuimba. Nilisogea hadi alipokuwa Ithungu. Simu alikuwa nayo bado, macho kwenye kioo anamsoma mumewe, na midomo yake ilikuwa inaendelea kwenda, bila kipaza sauti, hakuna anayemsikia. Ilinibidi niweke sikio karibu na mdomo wake.

"Muiteni Ithungu," alikuwa anasema. "Iko jikoni. Muiteni Ithungu."